Bendera Mbili Juu ya Kilimanjaro: Vita vya Dola ya Zanzibar na Ujerumani, 1885–1893, na Fundisho Lake kwa Kanisa

Utangulizi

Historia nyingi za sharika zetu za Kilimanjaro huanza na mwaka 1893, wamisionari wa Leipzig walipofika Machame. Mambo yaliyotangulia mwaka huo hupewa aya moja au mbili, nayo husemwa kwa haraka, kana kwamba mlima ulikuwa kimya ukingojea wageni. Kusudi la makala hii ni kuonyesha kwamba mwaka 1893 ulikuwa pia mwaka wa mwisho wa vita virefu baina ya dola mbili, moja ikishuka na nyingine ikipanda, na kwamba Kanisa letu lilipokea nafasi yake mlimani katika matokeo ya vita hivyo. Mchungaji asiyelijua jambo hili atawafundisha Wakristo wake kuchanganya mkono wa Mungu na mkono wa mshindi, na kosa hilo si dogo.

Nchi tunayoizungumzia ni ndogo. Kwa Sadala, kwenye barabara kuu ya Moshi na Arusha, njia hupanda kwenda Masama na Machame. Upande wa mashariki, ng'ambo ya mito na makorongo, ziko Kibosho na Moshi ya Kale. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kuipita kwa siku chache. Hata hivyo, mwaka 1885 nchi hii iliandikwa katika hati za dola mbili katika muda wa majuma machache tu, na kila dola ilidai kwamba watu wake ni raia zake.

Dola iliyokuwa ikishuka

Dola ya Zanzibar ilijengwa na Seyyid Said bin Sultan wa Oman, aliyehamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Nguvu yake ilikuwa forodha za pwani, mashamba ya karafuu, biashara ya pembe za ndovu na biashara ya watumwa. Barani dola hiyo haikuwa na mipaka iliyopimwa wala mabwana shauri. Ilikuwa na njia za misafara, na penye msafara palikuwa na jina la Sultani.

Misafara kutoka Pangani, Tanga, Vanga na Mombasa ilifika Kilimanjaro miaka mingi kabla ya Mzungu wa kwanza. Ilileta nguo, shanga, nyaya za shaba na bunduki, ikaondoka na pembe na watu. Wamangi wa Kibosho, Machame na Moshi walishindana wao kwa wao. Vita vyao vilizaa mateka, na mateka waliuzwa. Yatupasa kulisema jambo hili wazi, maana historia inayowafanya watu wa kale kuwa malaika haina faida kwa mahubiri wala kwa toba.

Baada ya kifo cha Seyyid Said mwaka 1856, dola ilianza kupungua. Mwaka 1861 Oman na Zanzibar zilitenganishwa kwa uamuzi uliosimamiwa na Waingereza. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuzamisha vyombo vya Sultani. Mwaka 1873 Sultani Barghash bin Said, akitishwa kwa manowari za Kiingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Tangu hapo alitegemea sana shauri la balozi wa Uingereza, John Kirk, na hata jeshi lake lilifunzwa na afisa Mwingereza, Lloyd Mathews. Mfalme ambaye jeshi lake na mashauri yake vimo mikononi mwa mgeni amekwisha kupungukiwa, ingawa bendera yake nyekundu bado yapepea.

Hapa pana jambo ambalo wanatheolojia wengi hulipita. Johann Ludwig Krapf alipofika Zanzibar mwaka 1844, alipewa na Seyyid Said barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani. Mwenzake, Johannes Rebmann, aliongozwa na mkuu wa msafara Mwislamu, Bwana Kheri, alipofika Kilema na kuuona mlima wenye theluji mwezi Mei 1848. Baadaye Rebmann alifika hata Machame kwa Mangi Mamkinga, ambako mwaka 1849 alipokonywa mali yake. Wawili hawa walikuwa watu wa Württemberg katika Ujerumani, waliotumwa na Chama cha Kiingereza cha CMS. Kwa hiyo Mkristo wa kwanza kuleta habari ya Injili katika miteremko hii alipita katika njia za Sultani Mwislamu, pasipo jeshi na pasipo bendera ya taifa lake.

Dola iliyokuwa ikipanda

Ujerumani iliunganishwa kuwa dola moja mwaka 1871. Viwanda vyake vilikua upesi, na wananchi wake wengi waliona haya kuwa taifa lao halikuwa na makoloni kama Uingereza na Ufaransa. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami akikusanya alama za viongozi juu ya karatasi. Tarehe 27 Februari 1885, mara tu baada ya Mkutano wa Berlin kumalizika, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitoa barua ya ulinzi juu ya nchi hizo.

Sultani Barghash alipopata habari alimpelekea Kaisari simu ya kupinga, akisema nchi hizo ni zake. Jibu lilikuja mwezi Agosti 1885: manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake Unguja na mizinga yake ikaelekezwa mjini. Uingereza, rafiki yake wa zamani, ilimshauri akubali, maana ilikuwa na shida zake Misri na kwingineko, nayo ilihitaji urafiki wa Bismarck. Barghash akakubali. Hivyo ndivyo dola inayoshuka inavyojua kwamba inashuka: marafiki wake humshauri anyamaze.

Mei na Juni 1885 mlimani

Kabla ya manowari hizo kufika, Barghash alikuwa amejaribu kuiwahi Kilimanjaro. Alimtuma Mathews pamoja na askari, na mwishoni mwa mwezi Mei 1885 viongozi wapatao 25 wa Uchagga na Taveta walitoa tamko la kuwa raia wa Sultani. Miongoni mwao alikuwa Mangi Rindi wa Moshi, aliyejulikana pwani kwa jina la Mandara. Bendera nyekundu ikatundikwa.

Mathews alipokwisha kuondoka, akaja Karl Jühlke, rafiki wa Peters. Tarehe 19 Juni 1885 Rindi huyo huyo alifanya mkataba naye, na kwa mkataba huo Wajerumani wakadai kwamba nchi ya Moshi na nchi za jirani ni mali yao.

Waandishi wa Kizungu wa wakati ule walimcheka Rindi, wakamwita kigeugeu. Lakini tumtazame kwa haki. Rindi alikuwa mtawala wa nchi ndogo, naye alikuwa na jirani mwenye nguvu kuliko yeye, yaani Mangi Sina wa Kibosho. Katika desturi ya mlima, mgeni aliyepewa mahali pa kukaa na kupokelewa kwa zawadi alikuwa rafiki, na rafiki wa pili hakumfuta wa kwanza. Mwaka 1884 Rindi alimkaribisha Mwingereza Harry Johnston, na mwaka 1885 alimpokea Askofu James Hannington wa CMS, akakubali wamisionari wake wakae Moshi. Kwake yeye Mathews na Jühlke walikuwa wageni wa namna ile ile. Hakujua, wala hapakuwa na mtu wa kumweleza, kwamba kwa desturi ya Ulaya karatasi moja yaweza kuhamisha nchi nzima.

Yaliyofuata yaliamuliwa mbali naye. Kwa mapatano ya mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilimwachia Sultani ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu, kisha zikagawana bara. Mpaka ulitoka mto Umba, ukapita ziwa Jipe, ukauzunguka mlima upande wa kaskazini. Taveta ikawa ya Waingereza, Uchagga ukawa wa Wajerumani. Hakuna Mangi aliyeulizwa, na Sultani aliulizwa tu ili akubali.

Vita vya pwani, 1888–1890

Barghash alikufa mwezi Machi 1888. Mwezi uliofuata ndugu yake, Sultani Khalifa, alikodisha utawala wa ukanda wa pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Mwezi Agosti watumishi wa Kampuni walitundika bendera yao katika miji ya pwani. Huko Pangani, mji ambao misafara mingi ya Kilimanjaro ilianzia, Emil von Zelewski aliwadharau watu wa mji na liwali wao, akaingilia heshima ya msikiti, akaiangusha bendera ya Sultani. Mwezi Septemba pwani yote ikawaka moto.

Viongozi wa vita hivyo, Abushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri bin Juma wa Saadani, hawakupigana kwa amri ya Sultani. Walimwona kuwa amewauza. Khalifa alipomtuma Mathews Pangani kutuliza watu, Mathews alifukuzwa. Hapo ndipo udhaifu wa dola ya Zanzibar ulipodhihirika: raia wake walikuwa tayari kuipigania heshima yake wakati yenyewe imekwisha kuweka silaha chini.

Kampuni haikuweza kuzima moto iliouwasha, ikaiomba serikali ya Berlin msaada. Bismarck alijua kwamba wabunge wengi hawangependa kutoa fedha kwa ajili ya kuokoa wafanyabiashara. Basi jambo likaitwa vita dhidi ya biashara ya watumwa. Mwezi Oktoba 1888 mkutano mkubwa ulifanyika Cologne, Wakatoliki na Waprotestanti wakiwa pamoja, na mmoja wa waliouongoza alikuwa Friedrich Fabri, aliyewahi kuwa mkuu wa Misheni ya Rhein. Mwezi Januari 1889 Bunge likatoa marki milioni 2 kwa ajili ya kuzuia biashara ya watumwa na kulinda mali ya Wajerumani.

Msomaji na alitafakari jambo hili. Biashara ya watumwa ilikuwa dhambi ya kweli, na Wakristo walikuwa na haki ya kuipinga. Lakini neno lao jema lilitumiwa kufunika kusudi jingine. Baada ya ushindi, biashara kubwa ya watumwa ilizuiwa, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria siku zote za utawala wa Kijerumani. Ulifutwa na Waingereza mwaka 1922.

Hermann von Wissmann aliletwa kuongoza vita akiwa na askari wa Kisudani wapatao 600 walioandikwa Misri, na wengine kutoka Msumbiji. Mwezi Mei 1889 aliivunja boma ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Abushiri alikamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri alisalimu amri mwaka 1890. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilipatana tena: Unguja na Pemba zikawa chini ya ulinzi wa Uingereza, na ukanda wa pwani ukanunuliwa na Ujerumani kwa marki milioni 4. Dola ya Zanzibar barani ikawa imekwisha.

Vita vyapanda mlima

Mlimani mambo hayakuwa yamekwisha, maana karatasi ya mwaka 1885 ilikuwa bado haijawa utawala. Mwaka 1889 Rindi, akidhani bado ni rafiki miongoni mwa marafiki, alituma wajumbe hadi Berlin wakiwa na zawadi kwa Kaisari. Mwezi Februari 1891 Wissmann alifika na jeshi lile lile lililoshinda pwani, akaishambulia ngome ya Sina huko Kibosho. Wapiganaji wa Rindi walimsaidia. Sina alishindwa, na Moshi ikafurahi.

Furaha hiyo ilikuwa fupi. Rindi alikufa mwaka huo huo wa 1891, na mwanawe Meli akatawala. Peters, aliyewekwa kuwa mwakilishi wa serikali mlimani, alihamia Marangu kwa Mangi Marealle. Huko aliwanyonga mtumishi wake Mabruk na msichana Jagodia, ukatili uliomfanya baadaye afukuzwe kazi ya serikali mwaka 1897. Mwezi Juni 1892 Wajerumani waliishambulia Moshi. Meli aliwashinda, na kamanda wao, von Bülow, akafa kwa majeraha. Kwa mwaka mmoja hivi Moshi ilikuwa huru. Kisha, mwezi Agosti 1893, Gavana von Schele alikuja na jeshi kubwa, na Meli akashindwa.

Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa pamoja na viongozi wengine 18 wa Uchagga, Meru na Arusha, wakishtakiwa kula njama dhidi ya serikali. Katika Moshi ya Kale husimuliwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Uzao wake umekitafuta miaka mingi. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba uchunguzi wa vinasaba umeyaunganisha baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa huko na jamaa walio hai Kilimanjaro. La Meli halikuwamo. Kwa hiyo vita hivi havijawa habari ya kale tu. Wako washarika wetu ambao bado hawajazika wafu wake.

Kanisa kati ya bendera

Wamisionari wa CMS walikuwa Moshi tangu mwaka 1885. Baada ya kushindwa kwa mwaka 1892, maafisa wa Kijerumani waliwashtaki kwamba walimpa Meli moyo na silaha. Wao walikana, lakini hawakuruhusiwa kubaki, wakahamia Taveta, upande wa Waingereza. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwa wameanza Kilema mwaka 1891, waliachwa waendelee. Nafasi ya CMS ikabaki wazi, na Misheni ya Leipzig, ya Kilutheri na ya Kijerumani, ikaombwa kuijaza. Mwaka 1893 wamisionari wake wa kwanza, miongoni mwao Emil Müller na Gerhard Althaus, walianza kazi Machame, majuma machache tu baada ya von Schele kuishinda Moshi. Mamba ilifuata mwaka 1894, na Moshi mwaka 1896.

Tusiwahukumu ndugu hawa kwa haraka. Walijifunza lugha za mlima, wakafungua shule, wakatibu wagonjwa, na wengi wao walitofautiana na maafisa wa serikali. Lakini watu wa nchi hawakuwa na njia rahisi ya kuwatofautisha. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari vijana Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa Akeri, Meru, wakati Kapteni Johannes alikuwa karibu na askari wake. Kisasi cha serikali kwa Wameru na Waarusha kilikuwa kikali mno. Twawakumbuka Ovir na Segebrock kuwa mashahidi, na ni haki. Lakini ni wangapi kati yetu, siku ya kumbukumbu yao, huwataja Wameru waliouawa kwa jina la kisasi chao?

Zamu ya Ujerumani ikafika. Mwezi Machi 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliiteka Moshi, na mwaka 1920 wamisionari wengi wa Leipzig walirudishwa kwao, kama CMS walivyoondolewa mwaka 1892. Bendera iliyolipa Kanisa nafasi ikaanguka. Sharika zikabaki mikononi mwa walimu na wazee Wachagga, Wameru na Waarusha. Baadaye walisaidiwa na ndugu wa Augustana kutoka Marekani, na baadhi ya watu wa Leipzig wakarudi tangu mwaka 1925. Mwaka 1934 wachungaji Waafrika wa kwanza wa kaskazini walibarikiwa. Mwaka 1920, mwaka ulioonekana kuwa wa hasara, ndio uliodhihirisha kwamba Kanisa lilikuwa limekwisha kuwa la wenyeji.

Hitimisho

Nabii Isaya, katika sura ya 10, aliifananisha Ashuru na fimbo mkononi mwa Mungu, kisha akatangaza hukumu juu ya fimbo hiyo hiyo kwa sababu ya kiburi chake. Hapo pana kipimo kwa mwanatheolojia anayeandika historia yetu. Mungu aweza kuipitisha Injili katika njia za Sultani na katika njia za Kaisari. Lakini kuitumia njia si kuihesabia haki. Ushindi wa von Schele hauwi mwema kwa sababu wamisionari walifika Machame baada yake, na dola ya Sultani haiwi njema kwa sababu Krapf alipewa barua. Martin Luther alifundisha kwamba utawala wa upanga na utawala wa Neno visichanganywe. Kilimanjaro vilichanganywa, na gharama yake ililipwa Moshi, Kibosho na Akeri.

Kwa sababu hiyo, mwanafunzi anayetumwa kuandika historia ya usharika kwa ajili ya jubilei na afanye mambo matatu. Kwanza, aanze kabla ya mwaka 1893, awataje Rindi, Sina na Meli kuwa watawala waliokuwa na mashauri yao, wala si vizuizi vya Injili. Pili, aandike kwa uaminifu nani alitoa nafasi ya kujenga, na nani alikuwa ameondolewa ili nafasi hiyo ipatikane. Tatu, awatafute wazee wangali hai, aandike majina ya walimu waliozishika sharika baada ya mwaka 1920, maana hao ndio mababa wa Kanisa hili, na wengi wao hawamo katika kitabu chochote.

Dola mbili zilishindania mlima huu, na dola ya tatu ikaurithi hadi mwaka 1961. Kila moja iliona kwamba wakati wake ni wa kudumu. Dola ya Zanzibar ilituachia Kiswahili, lugha tunayohubiri na kuandikia leo. Nyingine zikatuachia barabara, reli na mipaka. Injili hatukuachiwa na yeyote kati yao. Kanisa lililoipokea katika vumbi la vita lina wajibu wa kuwa macho leo, kila mara mwenye nguvu mpya anapokuja na zawadi na karatasi, akilitaka libariki bendera yake.